Usisahau jina lako, wala usitoroke

Jioni ya siku ya pili porini, mmoja wa waliowateka alimwendea Mary Jemison, akamvua viatu na soksi, akamvisha mokasini, vile viatu laini vya ngozi. Mtoto wa jirani naye akavishwa. Basi. Baba alikuwepo, mama alikuwepo, dada mmoja na kaka wawili, na mama wa mtoto yule, mke wa askari, pamoja na watoto wake wengine wawili. Hao wote waliachwa na viatu vyao.

Jane, mama yake Mary, alielewa palepale. Anayepewa viatu vya safari ana safari mbele yake.

Akamwita binti yake na kumuusia harakaharaka. Usisahau jina lako, wala jina la baba yako na la mama yako. Usisahau Kiingereza. Sala nilizokufundisha, uzisali mara kwa mara. Na ukipata upenyo wa kutoroka, usitoroke, maana watakufuata na kukuua.

Ilikuwa mwaka 1758, Pennsylvania, Wafaransa na Waingereza wakipigania Amerika ya Kaskazini na kila upande ukiwa na washirika wake wenyeji. Waliovamia shamba la akina Jemison walikuwa Washawnee sita na Wafaransa wanne. Mary alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Alizaliwa baharini mwaka 1743, wazazi wake wakiwa njiani kutoka Ireland. Usiku ule alitenganishwa nao. Baadaye, kando ya moto, aliwaona watekaji wakikwangua na kukausha ngozi za vichwa vya watu. Ya mama yake aliitambua kwa nywele zake nyekundu.

Swali ambalo kila mtu analiuliza

Nimekuwa na kisa hiki kichwani kwa wiki kadhaa, na kilichonikera zaidi si mauaji. Ni swali ambalo wasimulizi wake wote hulifikia mwishoni: kwa nini hakurudi?

Maana hakurudi. Aliishi miaka 75 baada ya siku ile, karibu yote kama mwanamke wa Kiseneca, moja ya mataifa ya muungano wa Haudenosaunee ambao wengi wanaujua kwa jina la Iroquois. Aliolewa huko mara mbili, akazaa huko, akalima huko, akafia huko. Njia ya kurudi kwa Wazungu ilifunguka zaidi ya mara moja.

Sisi tuliokaririshwa kwamba mwacha asili ni mtumwa tuna hukumu tayari mfukoni. Kila nilipojaribu kumpima Mary kwa methali hiyo, haikumkaa. Nikaacha kuuliza kwa nini hakurudi, nikaanza kufuatilia wosia wa mama: nini kilishikwa, nini kilipotea, na kwa gharama gani.

La kutotoroka nilikuwa nimelipita bila kusimama. Nadhani wengi hulipita.

Kilio kwa ajili ya mtu mwingine

Watekaji walimfikisha Fort Duquesne, ngome ya Wafaransa iliyokuwa mahali palipo Pittsburgh ya leo. Pale akakabidhiwa wanawake wawili wa Kiseneca. Wakampakia kwenye mtumbwi wao mdogo, wakashuka naye Mto Ohio hadi kijijini kwao.

Walipofika, walimwacha kwanza ndani ya mtumbwi. Wakaenda kijijini na kurudi na nguo mpya. Matambara aliyovaa wakayavua na kuyatupa mtoni, wakamwogesha, wakamvisha upya, wakampeleka nyumbani na kumketisha katikati. Wanawake wa kijiji wakaingia, wakamzunguka, wakaanza kulia. Kulia kweli, kwa sauti, huku wakipinda mikono.

Msichana akakaa kimya, akiamini kwamba dakika yoyote atauawa.

Hawakuwa wanamlilia yeye. Wale wanawake wawili walikuwa wamefiwa na kaka yao vitani mwaka uliotangulia, na walikwenda ngomeni kutafuta fidia ya damu yake. Kwa desturi yao, ndugu wa marehemu walipewa mateka au ngozi ya kichwa cha adui. Mateka akiwa hai, uamuzi ulikuwa wao: wamuue kulipiza kisasi, au wamweke mahali pa marehemu. Kilio kile kilikuwa matanga. Marehemu aliitwa kwa sifa zake, akasindikizwa kwa maneno mpaka nchi ya mizimu. Halafu ghafla nyuso zikabadilika. Wakamshangilia Mary kama mtu aliyerudi kutoka mbali, wakampa jina, Dehgewanus, na kuanzia siku hiyo wakamwita dada.

Aliingia kwenye nafasi ya mtu. Alikalia kiti ambacho bado kilikuwa na joto.

Hapa ndipo wasiwasi wangu wa kwanza ulipoanza. Tunaposema kwamba alipokelewa kwa upendo, tunasema kweli, kwa sababu mwenyewe alisema hivyo uzeeni: dada zake wale walikuwa wapole na wema kwake mpaka mwisho. Lakini upendo huo ulianzia kwenye soko la watu, na malipo yake ya awali yalikuwa familia iliyouawa. Waseneca wale hawakuwa wauaji wa wazazi wake. Walikuwa washirika wa wauaji. Sijui kama msichana wa miaka 15 ana nafasi moyoni ya kutenganisha mambo hayo mawili. Inaonekana aliipata, polepole.

Dada zake hawakumruhusu kusema Kiingereza mbele yao. Kwa hiyo kila alipojikuta peke yake alirudia sala na katekisimu aliyofundishwa na mama, kwa sauti. Alisema waziwazi kwamba alifanya hivyo ili lugha isimtoke.

Mkate uliotolewa motoni

Mwaka uliofuata Waingereza walikuwa wameshika ngome ile na kuiita Fort Pitt. Dada zake walikwenda huko kwa shughuli za amani, wakamchukua. Wazungu wakamzunguka. Jina lako nani? Ulitekwa wapi? Lini? Alijibu, moyo ukimwenda mbio kwa kusikia Kiingereza.

Dada zake wakashtuka. Wakamvusha mto haraka kurudi kambini, wakatoa mkate wao motoni, wakaingia mtumbwini na kupiga makasia bila kusimama hadi nyumbani.

Napenda habari ya mkate. Watu wanaokimbia na mkate ambao haujaiva hawamlindi mateka tu.

Mary mwenyewe alisema kwamba siku hiyo alihuzunika kama siku aliyotekwa. Kwa hiyo mara ya kwanza hakukataa kurudi. Alinyang'anywa kurudi.

Mara ya pili mambo yalikuwa mengine. Alikuwa ameolewa na Sheninjee, mtu wa taifa jingine la wenyeji, Wadelaware, ambaye Mary hakumtaka kwanza kisha akampenda. Binti yao wa kwanza alikufa akiwa na siku mbili. Wa pili alikuwa mvulana. Akasafiri naye mgongoni, kwa miguu, kutoka Ohio hadi bonde la Mto Genesee, New York ya magharibi ya leo, safari ya mamia ya maili, ili aishi na ndugu zake wa Kiseneca. Sheninjee alibaki nyuma kuwinda akiahidi kufuata. Akaugua huko, akafa.

Hapo vita vikaisha, na Waingereza wakatangaza malipo kwa atakayewaletea mateka. Mholanzi mmoja akaja kumwinda; Mary akamkimbia na kujificha. Kisha mzee mkuu wa kijiji naye akataka kumpeleka Niagara, kwenye ngome ya Waingereza, akachukue zile fedha. Ndugu wa Mary akaapa kwamba akichukuliwa kwa nguvu, atamuua kwa mkono wake mwenyewe kuliko kumwachia.

Dada yake akamficha kwenye majani marefu pamoja na mtoto. Wakapeana ishara: kama uamuzi utakuwa kumuua, dada ataweka mkate mdogo nje ya mlango. Mary akiuona, akimbie na mtoto.

Usiku akatambaa hadi mlangoni, akaona mkate, akakimbia. Mzee alikuja, hakumwona, akaondoka kwenda Niagara na mateka wengine, na ndugu yule akapoa hasira.

Sasa msomaji aniambie: hapo mwanamke huyu alichagua nini? Alimkimbia aliyetaka kumrudisha "kwao" na akamkimbia aliyetaka kumuua ili asirudishwe. Akarudi kwa dada aliyeoka mkate.

Hakuwa peke yake katika hili. Mwaka 1764 Kanali Henry Bouquet wa jeshi la Waingereza aliyalazimisha mataifa ya Ohio kurudisha mateka wao, zaidi ya 200. Wapo waliolazimika kufungwa kamba ili wakubali kuondoka, na wapo waliotoroka baadaye kurudi kwa waliowateka. Wakoloni hawakujua wafanye nini na habari hiyo. Iliwaaibisha.

Wanaume wawili na bunduki moja

Mwaka 1779, katika vita ya uhuru wa Marekani, Jenerali Sullivan, kwa amri ya George Washington, aliingia nchi ya Waseneca, waliokuwa wameshikamana na Waingereza. Alichoma vijiji zaidi ya 40, mahindi yakiwa shambani, akakata na miti ya matunda. Kwa Waseneca Washington akawa Mwangamiza Miji, jina ambalo hawajamwondolea.

Mary alirudi na kukuta hakuna chakula hata cha kumfikisha mtoto mmoja kesho yake. Wakati huo alikuwa ameolewa tena, na Hiokatoo, mpiganaji wa Kiseneca aliyemzidi umri sana. Akabeba watoto wawili mgongoni, watatu wakamfuata kwa miguu, usiku huohuo wakafika mahali panapoitwa Gardeau, kando ya Genesee.

Waliokuwa wakiishi pale ni wanaume wawili Weusi, waliotoroka utumwa. Walikuwa na shamba la mahindi ambalo jeshi halikulifikia.

Wakampa kibarua cha kumenya na kusuka mahindi, ujira wake shada moja katika kila mashada kumi. Mmoja wao, akihofia Wahindi Wekundu wasije wakamdhuru, alisimama kando yake muda wote na bunduki iliyojazwa risasi. Kazi yake mwenyewe ikalala. Mary alisema kwamba alipoteza kwa kumlinda sawa na alichopata kutoka kwake, lakini hakumkatalia. Alihitaji kila shada. Alipata mashada 100, kama magunia sita kwa hesabu zetu, na familia ikavuka majira ya baridi, ambayo mwaka ule yalikuwa ya kuua wanyama porini kwa theluji.

Nimekaa na picha hii kuliko nyingine zote. Mtumwa mtoro anamlinda mwanamke aliyemwona Mzungu dhidi ya watu ambao yeye anawaita ndugu zake. Mama anaendelea kumenya. Hamsahihishi. Nadhani aliona kwamba huruma ya mtu si kitu cha kubishia ukiwa na watoto watano.

Wale wanaume baadaye waliondoka. Yeye akabaki Gardeau kwa zaidi ya miaka 50.

Jina

Vita ya uhuru wa Marekani ilipokwisha, ndugu yake wa Kiseneca alimwambia yuko huru kwenda kwa Wazungu akipenda. Hapa hakuna anayemkimbiza wala anayemficha. Mwanawe Thomas, yule aliyebebwa mgongoni, alitaka waende. Lakini machifu wakasema Thomas haondoki, maana wamemtazamia kuwa mpiganaji.

Mary akakataa kwenda. Alitoa sababu mbili: hawezi kumwacha Thomas, na hata angewapata ndugu zake wa damu, wangewadharau watoto wake kwa kuwa ni Wahindi Wekundu, na pengine wangemdharau na yeye.

Wosia wa kutotoroka ulikuwa umeshapitwa na wakati. Ule wa jina ulikuwa hai.

Watoto wake aliwapa, wengi wao, majina ya watu aliotenganishwa nao: Thomas, jina la baba, Jane, la mama, John, Betsey, Nancy, Polly, Jesse. Wote wakaitwa Jemison, si kwa jina la Sheninjee wala la Hiokatoo. Msomaji kutoka Uluguru au Newala, ambako ukoo hufuata mama, ameshaelewa. Kwa Waseneca wa wakati ule mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake, na akina mama wa ukoo ndio waliomteua chifu, na ndio waliomvua. Angebaki Pennsylvania angeolewa na mkulima fulani, na jina la Jemison lingemfia mlangoni siku ya harusi, kama desturi ya Kiingereza ilivyotaka. Ninavyoona mimi, Jane alimwomba binti yake jambo ambalo watu wake mwenyewe wasingemruhusu kulitimiza, na waliolitimiza ni watu aliowaogopa.

Jina hilo halikumpa faida tupu. Mwaka 1797, kwenye mkataba wa Big Tree ambapo Waseneca waliuza karibu nchi yao yote ya magharibi mwa New York, Mary alitengewa ardhi yake mwenyewe pale Gardeau. Red Jacket, msemaji maarufu wa Waseneca, alipinga kwa nguvu. Alipata hata hivyo, na ilipopimwa ikawa ekari 17,927.

Ukishakuwa na ekari hizo, ndugu huibuka. Akatokea George Jemison, akadai ni binamu yake. Mary akamlipia madeni, akampa mahali pa kuishi, akakubali kumpa ekari 40. Hakujua kusoma. Hati aliyoitia alama ilikuwa ya ekari 400.

Watoto

Sehemu hii nimeiandika na kuifuta.

Alibaki kwa ajili ya watoto. Julai 1811 John alimuua Thomas, nyumbani kwa mama yao, mama akiwa hayupo. Walikuwa na ugomvi wa miaka: Thomas akilewa alimwita John mchawi, akamsema kwa kuoa wake wawili. Baraza la machifu lilikaa, likaona Thomas ndiye aliyeanza, likamwachia John. Mwaka uliofuata John akamuua na mdogo wake Jesse kwa kisu. Mwaka 1817 John naye akauawa na wanaume wawili aliokuwa akinywa nao. Hiokatoo alikuwa amefariki mwishoni mwa 1811.

Wana watatu, wote kwa mkono wa mtu, wote pombe ikiwemo.

Mary aliilaumu pombe, na alijua ilikotoka. Handsome Lake, nabii wa Kiseneca, alikuwa amehubiri dhidi yake tangu 1799 kwa sababu aliona inavyomaliza watu. Wapo wanaosoma vifo hivi kama jibu la swali la kurudi: unaona sasa, angeondoka wangepona. Sikubali hesabu hiyo. Ardhi ilikuwa imeuzwa, mawindo yameisha, na pombe ilikuwa imekaa kila njiapanda. Lakini sitajifanya sikusikia swali hilo likipita kichwani mwa mama mwenyewe. Ukisoma anavyosimulia kifo cha Jesse, kipenzi chake, mtoto aliyemsaidia kazi kuliko wote, unasikia mtu anayerudi kukagua njia yote aliyopita.

Kiingereza chenye lafudhi ya Ireland

Mwaka 1817 bunge la New York lilimpa uraia, na uraia ukamwezesha kuuza ardhi. Kufikia 1823 alikuwa ameuza karibu yote. Mwishoni mwa mwaka huo alihojiwa kwa siku tatu na James Seaver, daktari, ambaye mwaka 1824 alichapisha maisha yake kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba Mary ndiye aliyeshika kalamu.

Tunachokijua kimepita mkononi mwa Seaver, na yapo maneno ambayo siamini yalitoka kwa bibi wa miaka 80 anayelima. Habari nyingi za vita vya Hiokatoo hazikutoka kwa Mary. Seaver aliona kwamba mjane hataki kumzungumzia mumewe sana. Hapo namwamini zaidi kuliko popote.

Seaver aliandika pia kwamba bibi huyu alisema Kiingereza kwa ufasaha, na kwamba lafudhi ya Ireland ilisikika kidogo. Miaka 65 porini na mashambani, na sauti ya Jane bado imo.

Sala ndizo zilizomtoka. Mwaka 1831 aliuza kipande kilichobaki akahamia Buffalo Creek, kwa Waseneca wenzake. Mke wa mmisionari Asher Wright alipomtembelea katika siku zake za mwisho, Mary alilia akisema amesahau sala aliyofundishwa na mama yake. Alizitumia zile sala ujana wake wote kutunza lugha. Lugha ikabaki. Akafariki Septemba 1833.

Mwaka 1874 mifupa yake ilihamishwa na tajiri William Letchworth hadi kwenye eneo lake juu ya korongo la Genesee, ambalo sasa ni hifadhi ya jimbo. Mwaka 1910 ikasimamishwa sanamu: msichana mwenye mavazi ya Kiseneca, anatembea, mtoto mgongoni. 

Jina la Jemison ni la kawaida miongoni mwa Waseneca hadi leo. Peter Jemison, msanii aliyesimamia kwa miaka mingi Ganondagan, kijiji cha kale cha Waseneca kilichogeuzwa eneo la historia, ni kizazi cha nane cha Mary. Kwa Thomas, John na Jesse jina lilitoka kwa mama, kwa desturi ya Kiseneca. Watoto wa Thomas wakalipokea kutoka kwa baba, kwa desturi ya Kizungu.